Mkeka wa Alfajiri

Mama mkwe alinikuta chali juu ya mkeka, magoti nimekunja, kiuno kiko hewani, kanga nimeibana katikati ya magoti. Saa kumi na moja alfajiri! Akasimama mlangoni. "Mwanangu, hiyo ni dini gani?"

"Yoga, mama."

Akaguna, akaenda zake kuwasha moto.

Sikuwa nacheza, msomaji mwenzangu. Tangu nijifungue mtoto wa pili nilikuwa na maumivu upande wa kushoto, chini ya mkanda wa sketi, hapo penye kishimo cha kiuno. Nikigeuka kitandani, kisu. Nikisimama mguu mmoja nivae sketi, kisu. Nikikaa kuandika, ukurasa mmoja tu nimeshanyanyuka. Zahanati moja walinipa vidonge, eti wanawake wakizaa ndivyo wanavyokuwa. Mwaka ukapita, na wa pili.

Mtaalamu mmoja wa viungo, Tabora mjini, ndiye aliyenibonyeza akapataja: kiungo cha sakroiliaki, pale uti wa mgongo unapokutana na mifupa ya nyonga. Kiungo chenyewe husogea milimita chache tu, ila ujauzito hulegeza kano zake. Na mimi arobaini ilipokwisha nilirudi shambani. Tumbaku huanza kuchumwa majani ya chini: unainama, unajipinda, unajaza kwapa, unainuka. Piga hesabu mwenyewe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa ushamba mtupu. Nilinunua kitabu kikuukuu cha yoga kwa muuza mitumba, nikaona watu wamekunjika kama jamvi, nikadhani dawa ni kujivuta. Nikanyoosha miguu, nikashika vidole, nikajisokota. Wiki nzima nilitembea kama bata! Kumbe kiungo kilicholegea hakivutwi. Kinatafutiwa walinzi, yaani misuli ya makalio na ya tumbo la chini. Bana kanga kwa magoti, inua kiuno taratibu, pumzi tano, shusha. Ukijipinda, nyonga nazo zifuate. Baada ya miezi mitatu niliandika kurasa nne bila kunyanyuka. Sikudanganyi, hayajaisha, msimu wa kuchuma huja kunisalimu.

Dunia ina Siku ya Yoga, Juni 21, tangu 2015. Urambo siku hiyo utatukuta tumekaa chini tunachambua tumbaku.

Huku tunalelewa kwa sifa za wapagazi. Njia ya Tabora kwenda Ujiji, ile ambayo Mirambo aliifunga mwaka 1871, walipita wanaume na mizigo ya kilo 30 mabegani, pembe na nguo. Wanawake nao walikuwemo, vyungu kichwani, watoto mgongoni. Habari za nyonga zao sijazisikia.

Juzi mama mkwe akanikalisha jikoni. "Hapo unapopashika kila siku," akasema, mkono kwenye kiuno chake, "mimi tangu mwanangu wa tatu."

Mwanawe wa tatu ndiye mume wangu. Ana miaka 32.

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nini? Nilijua ndivyo tunavyotembea."

Nikatandika mkeka. Akajilaza kwa taabu, akakunja magoti, nikamwekea kanga. Kabla hajainua kiuno, akaniuliza kama mlango nimeufunga.