Pembe zetu zilikwenda Zanzibar. Na dhahabu je?

Vijana wa kanisa hapa Kasongo wanapenda kuniuliza: "Mchungaji, Zanzibar iko wapi, na juu ya nini wazee wanaitaja kila mara?" Swali lao ni zuri. Nitalijibu leo kwa wote, maana linawagusa hata ninyi mnaoamkia machimboni.

Zanzibar ni visiwa vya Bahari ya Hindi, karibu na pwani ya Tanzania. Vikubwa ni viwili, Unguja na Pemba. Unguja yenyewe ina kilometa za mraba 1,600 na kidogo tu. Ukiiweka katika misitu ya Kabambare, utaitafuta. Watu wake wanavua samaki, wanalima karafuu, minazi na muhogo. Toka kwetu hadi kule, hata ndege wa angani angeruka zaidi ya kilometa 1,300.

Basi kisiwa kidogo namna hii kilitufikiaje? Karibu na mwaka 1840, Sultani Said bin Sultan alihamisha makao yake toka Maskati, akakaa Zanzibar. Karafuu zilitaka mikono ya kuzichuma, na Wazungu na Wamarekani walitaka pembe za ndovu, za kutengenezea vitana, vibao vya piano na mipira ya biliari. Misafara ikatoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, akafanya Kasongo kuwa mji wake mkubwa. Pembe zilibebwa kichwani na mabegani na watu wetu. Wengi hawakurudi.

Tusiseme kwamba ni wageni peke yao. Yosefu aliuzwa na ndugu zake mwenyewe, na huku kwetu pia kulikuwa na wakubwa waliouza watu wao kwa kupata bunduki na nguo. Kwa hiyo, kijana, usimtukane jirani yako Mwislamu juu ya mambo ya wakati ule. Babu yake anaweza kuwa alifungwa mnyororo mmoja na babu yako.

Lakini iko habari moja ambayo kila mtoto wa Maniema anapaswa kuijua. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko pale Nyangwe, watu wa misafara walipiga bunduki katikati ya mama waliokuja kuuza vyakula. Wengine waliuawa palepale, wengine wakazama katika Lualaba. Wafu walikuwa mamia. Livingstone, aliyekuwa amelala Kabambare miezi mingi kwa vidonda vya miguu, alikuwa amefika Nyangwe, akaona kwa macho yake, akaandika. Maneno yake yalipofika Uingereza, watu walishtuka sana, na serikali ikamkazia Sultani Barghash. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Mahali pale, Mkunazini, Waanglikana walijenga kanisa, nalo linasimama mpaka leo. Kwa hiyo machozi ya mama zetu wa Nyangwe yalisaidia kufunga soko lile la mbali.

Utajiri ule uko wapi sasa? Kasongo ilitekwa na askari wa Leopold mwaka 1893. Tippu Tip alikufa Zanzibar mwaka 1905. Usultani wenyewe ulipinduliwa Januari 1964, na mwezi wa nne mwaka uleule Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Pembe hakuna hata moja iliyotubakilia.

Vilivyobaki ni vile vilivyopandwa. Mpunga tunaokula ulipandwa katika siku zile. Kiswahili chetu, kile watu wanachokiita Kingwana, nacho kilipandwa, na leo tunahubiri, tunafundisha na kupatana nacho. Hata ndugu zetu waliochukuliwa waliota mizizi huko: Dar es Salaam kuna Msikiti wa Manyema, jina letu kabisa.

Sasa nasema nanyi wa Namoya, Salamabila na machimbo mengine. Dhahabu inatembea njia ileile ya pembe: inatoka, inakwenda mbali, inavaliwa na watu tusiowajua. Ninaona kijana anauza gramu zake asubuhi. Jioni pombe na mchezo vimemaliza zote, na mdogo wake amefukuzwa shuleni juu ya feza. Sikatazi kuchimba, kazi ni kazi. Lakini kila ukiuza, toa kwanza sehemu ya kupanda: masomo ya mtoto, shamba la mpunga, mabati ya nyumba, cherehani ya mama. Uandike katika daftari, na mke wako aione.

Baba na mama, zungumzeni haya nyumbani baada ya chakula. Mwulize kila mtoto: dhahabu ikiisha, sisi tutabaki na nini? Bwana awape hekima.