Kwa babu mfua kengele, Kinampanda

Dada zetu, na nyinyi mabibi harusi mliofungiwa ndani na singo usoni, mnaosoma huku mnasubiri somo awaruhusu kuoga.

Wengi mmetuuliza mbona duka lilifungwa wiki nzima, tena msimu wa harusi. Tulisafiri. Tulikwenda Kinampanda, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, kwa mzee mmoja anayefua kengele za ng'ombe. Hatukwenda kutembea. Tulikwenda kuomba radhi, na kosa lenyewe sehemu yake kubwa ni letu.

Tuanze na binti yetu. Wateja mnamjua, ndiye anayewapima na kuwashonea shanga kwa mkono, yule mrefu asiyesema sana. Ni Mnyiramba. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, akalelewa na babu yake mzaa baba. Alikuja Unguja kutafuta kazi, akajifunza ushonaji kwetu, na baada ya mwaka akasilimu kwa hiari yake, hatukumshawishi wala hatukumlipia. Sasa ameposwa na kijana wa Mkokotoni, mtu wa heshima zake.

Babu aliposikia habari za harusi alifurahi. Akasema ana kengele kadhaa amezitundika, ataziuza mnadani ampelekee mjukuu wake pesa ya kitanda. Binti akamjibu kwenye simu kwamba pesa hiyo hawezi kuipokea, kwa sababu kengele ni chombo cha shetani na malaika hawafuatani na watu wenye kengele. Mzee akakata simu. Miezi minne hakuipokea tena.

Aliyapata wapi maneno yale? Kwetu. Kuna mteja alitaka vikuku vyenye vijikengele kwa usiku wa kupambwa, na sisi, mashine zikiunguruma na midomo imejaa pini, tukasimulia hadithi ya Abu Hurayra iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba malaika hawaandamani na msafara wenye mbwa au kengele. Hadithi ipo, hatukuibuni. Lakini tuliisimulia kama mtu anayepita na kutupa neno dirishani, bila kujua maelezo yake, na bila kukumbuka kwamba kuna mtoto wa mfua kengele amekaa kwenye kigoda anasikiliza.

Tulipojua habari ya simu tulikwenda kwa ustadhi wetu wa darsa. Akatuuliza, "Na aliyoyasema Imamu Nawawi mlimwambia pia?" Hatukumwambia kwa sababu hatukuyajua. Akatufungulia kitabu. Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, anasema kukatazwa huku ni karaha, si uharamu, na kwamba hiyo ndiyo kauli ya madhehebu yetu ya Shafii na ya Imamu Malik. Akawataja na wanavyuoni wa kale wa Sham ambao walichukia kengele kubwa tu, ndogo hawakuichukia. Ustadhi akafunga kitabu, akasema, "Mtoto amemvunja mzee moyo kwa elimu ya nusu, na nusu hiyo kaichukua kwenu. Nendeni."

(Na hapa mabibi harusi tuwaambie mara moja, maana tunajua mtauliza. Vikuku vyenye vijikengele vya kuvaa njiani au ukumbini penye wanaume hatuviuzi. Surat An-Nur, aya ya 31, imekataza mwanamke kupiga miguu ili pambo alilolificha lijulikane. Chumbani kwako na mumeo ni jambo jingine, na hapo hatukuulizi kitu.)

Basi tukafunga duka. Mume wa mmoja wetu alitusindikiza, msije mkaanza kutuuliza kuhusu maharimu. Boti hadi Dar es Salaam, treni ya SGR hadi Dodoma, kisha basi kupita Manyoni hadi Singida mjini, penye majabali yaliyopandiana kama mtu kayapanga kwa mkono. Siku ya pili tukafika Kiomboi, tukalala. Binti hakula kitu tangu Dodoma.

Kinampanda tuliingia asubuhi kwa bajaji. Watu wengi wanaijua kwa chuo chake cha ualimu, na huenda hata mwalimu aliyekufundisha wewe kusoma alipita pale. Ni nchi ya juu, kavu, ina upepo usiotulia, mashamba ya alizeti na uwele, na ng'ombe. Sisi watu wa pwani tulishangaa ukimya wake. Halafu ukimya ukikaa kidogo unasikia kengele mbali, moja nzito, nyingine nyembamba, na mifugo yenyewe huioni.

Mzee tulimkuta bandani kwake anafanya kazi. Tukaamkia, "Shikamoo babu." Akaitika kwa adabu, akatoa vigoda, akauliza safari. Binti alipiga magoti akamwamkia kwa Kinyiramba. Akamwitikia neno moja bila kumtazama, akarudi kwenye moto wake.

Tulidhani tutaona chuma kinamiminwa kama uji kwenye kalibu. Tulishawahi kusikia kwamba kengele kubwa za makanisa hutengenezwa hivyo, shaba kiasi cha sehemu nne na bati sehemu moja, vinayeyushwa pamoja na kumiminwa. Kwa babu hakuna kuyeyusha. Ni kukata, kukunja na kugonga. Kwa hiyo tulipomtazama kwa nusu saa tu tulijiona tuko dukani kwetu.

Ana kipande cha bati kikuukuu kimetobolewa juu, kimetundikwa msumarini. Hicho ndicho kipimo chake, kama karatasi zetu za kukatia. Anakiweka juu ya bati nene alilolitoa kwenye pipa, anachora kwa chokaa, anakata kwa patasi na nyundo. Umbo lake ukiliona limelala chini ni kama mikono miwili ya gauni iliyoungana begani. Kisha linaingia kwenye makaa. Zamani mivukuto ilikuwa ya ngozi ya mbuzi, miwili, mtu mmoja akikaa kuipandisha na kuishusha kwa zamu ili upepo usikatike. Sasa ana gurudumu la baiskeli linalozungusha feni ndogo, na upepo unapita kwenye bomba la udongo hadi katikati ya moto. Bati likiwa jekundu analitoa kwa koleo, analikunja katikati juu ya fuawe, anazipanda kingo zilaliane kama mshono wa suruali ya jinzi, anapiga ribiti. Akigonga sana chuma kinakuwa kigumu na kinataka kupasuka, kwa hiyo anakirudisha motoni kilainike. Mwisho anapachika kishikio juu na kipande cha chuma ndani cha kugonga.

Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa maneno yake. Aliinua kengele akaigonga, akasikiliza kwa sikio la kushoto. Akairudisha, akapiga ribiti nyundo mbili, akasikiliza tena. Akatueleza kwamba mshono ukiwa na mwanya hata wa unywele, sauti inakufa, inalia kama kopo. Mfugaji hanunui chombo, ananunua sauti, maana jioni ng'ombe wakichanganyika na wa jirani, au mmoja akipotelea kichakani, mtoto anayechunga anamjua kwa sikio. Hakuna kengele mbili alizowahi kufua zikalia sawa. Alitufulia na njuga moja tuone, zile za miguuni mwa wachezaji ngoma. Kipande cha duara kinapashwa moto, kinagongwa kwenye kishimo cha gogo kikawa kama kijiko, kinakunjwa midomo ikaribiane, na kabla haijabanwa kabisa anatia kipunje cha chuma ndani. Ukiishika ni nzito. Mmoja wetu aliifunga mguuni, ikamchubua kabla hajafika mlangoni, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza.

Sikio la kulia halisikii, limechoshwa na nyundo. Sisi hatukujua. Tuliomba radhi yote, kwa maneno tuliyoyapanga tangu kwenye boti, tukiwa tumekaa upande ule. Akawa anaitikia "Eee, eee." Tulipomaliza akageuka, akatuuliza kama Unguja kuna mvua.

Tukaanza upya upande wa pili. Tukamwambia kosa ni letu, kwamba mtoto alisema alichosikia kwetu, na sisi tulisema tusichokijua vizuri. Hakujibu. Alisema tu, "Karo yake ya skuli ililipwa na hizi," akaonyesha juu, kengele zilizofungwa kwa kamba kwenye boriti. "Aliponiambia vile nikahesabu. Daftari, sare, viatu, vyote vilikuwa na shetani?" Binti alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondokea kwenye baibui, na sisi hatukuwa na la kuongeza.

Wakati wa sala ulifika. Tukaomba maji na mahali pa kusalia. Mzee akaleta mkeka mpya, akaufagilia uwanja mwenyewe, akauliza tunaelekea wapi. Tukamwonyesha kaskazini, mashariki kidogo. Tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza. Binti hakuwa katika siku za kusali, alibaki bandani. Kwa hiyo haya yanayofuata ametusimulia yeye. Upepo ulivuma, na zile kengele za kwenye boriti zikaanza kulia. Mzee akaweka nyundo chini, akainuka, akazikumbatia kengele kwa mikono miwili zisilie mpaka tumalize. Kamba zilikuwa mbili, naye ana mikono miwili tu. Binti akaenda akashika ya pili. Wakasimama hivyo, rakaa nne zote.

Sisi tulipotoa salamu tuligeuka tukawaona wamesimama bega kwa bega, wameshika kengele, na mzee anamwuliza kitu kwa Kinyiramba kwa sauti ndogo. Hatukuuliza ni nini.

Chakula kilikuwa ugali wa mtama, mlenda na kuku wa kienyeji. Kabla hatujasema neno tuliambiwa jirani Mwislamu ameshaitwa tangu asubuhi akachinja. Yaani tangu asubuhi, wakati hata mjukuu wake hamtazami.

Tulibakiwa na neno gumu zaidi, na mwenyewe ndiye aliyelianza. "Sasa huyu mtoto hana baba. Nitamtoa mimi. Mnafanyaje kwenu, nasema nini?"

Dada zetu mnaijua hukumu. Baba akiwa hayupo, babu mzaa baba ndiye walii, angelikuwa yeye moja kwa moja. Lakini asiye Mwislamu hawi walii wa Mwislamu, na aliyekosa walii huozeshwa na kadhi. Ni rahisi kuisoma. Kuisema mbele ya mzee aliyelea, mkono wake bado una masizi, ulimi unakuwa mzito. Tulimwambia. Tulimwambia pole pole, upande wa sikio zima, bila kupunguza wala kupamba, maana tulishaona nusu ya elimu inavyofanya.

Akakaa kimya muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo siku hiyo mimi nimekufa kama mwanangu."

Binti akamwambia, "Babu, kadhi atasema maneno. Kilemba ni chako. Mkokotoni wanauliza kilemba cha baba wampe nani na mimi nimewaambia ni cha kwako, sijakubali apewe mwingine." Sisi hatukujua kama ameshawaambia hivyo. Mzee akauliza kilemba ni nini, tukamweleza kwamba ni heshima ya aliyelea, inatolewa mbele ya watu. Akauliza atakaa wapi. Tukasema mkekani, na wazee wa upande wa bibi harusi, mbele. Akauliza tena kama akiingia mle na wao wakisoma atatakiwa asilimu. Tukasema hapana, kualikwa ni kualikwa. Hakusema atakuja na hakusema hatakuja.

Jioni tulipokuwa tunafunga mizigo, madumu ya mafuta ya alizeti na asali (tulinunua kupita kiasi, boti ilitutoza), alitufuata na kengele ndogo ya mbuzi, mpya, akampa binti. "Usiifunge mahali. Weka tu," alisema. Binti ameiweka ndani ya sanduku lake, katikati ya kanga, na pamba ameisokota ndani isilie. Pesa ya kitanda amepokea.

Halafu mzee akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu, akauliza, "Hao wazee wa mkekani wanavaa nini?"

Mmoja wetu akatoa futi mkobani. Fundi hasafiri bila futi. Alisimama wima kama askari, akauliza kama kanzu itamfanya Mwislamu, tukamjibu kwamba kanzu ni nguo tu, akanyoosha mikono. Bega lake la kulia limeshuka, ni nyundo hiyo ya miaka yote, na mkono wa kulia umezidi wa kushoto karibu inchi nzima. Kanzu ya dukani ingemkaa upande.

Akidi ni Mfungo Pili, in shaa Allah. Nauli tumeshampelekea, na kila Ijumaa anapiga simu kuuliza nguo imefikia wapi. Tumeshaikata, kila mkono kwa kipimo chake. Tarizi anaitia binti mwenyewe usiku, kazi zenu zikishakwisha, kwa hiyo msiofika kuchukua magauni yenu tafadhali njooni, meza imejaa.