Robo Eka ya Magugu

Mama yangu alikuwa hapati usingizi akijua kuna jani limechungulia katikati ya alizeti. Kwetu Singida, mvua zikishachanganya Januari, tulikuwa shambani kabla hakujapambazuka, palizi ya kwanza ikifuatwa na ya pili. Kishonanguo, mchunga, kivumbasi, vyote chini. Mgagani ulinusurika kidogo kwa kuwa ni mboga. Mbigili niliing'oa kwa chuki hasa. Miiba yake ilinitobolea matairi ya baiskeli njia nzima ya shule.

Marehemu baba alikuwa na mizinga minne ya magogo juu ya mbuyu. Miaka hiyo pori la migunga lilianzia nyuma ya choo, na asali tulipima kwa debe. Pori likageuka mkaa, kisha mashamba. Nyuki wetu hawakai na njaa: maua yakikosekana hubugia akiba yao na kuhama kundi zima, wakikuachia masega makavu. Baba alikufa akiamini mizinga yake imerogwa.

Nilipostaafu ualimu nikatundika miwili ya masanduku. Nyuki waliingia Machi, Julai hawapo. Mzee mmoja mrina asali alikuja, akaikagua, akacheka.

“Mwalimu, nyumba umewapa. Wale nini?”

Nikaacha robo eka ukingoni mwa korongo bila kuipalilia.

“Mwanangu,” mama akasema, “pensheni ndiyo imekufanya mvivu hivi?”

Mwaka wa kwanza alikuwa na haki ya kuniona hivyo, maana iliota mbigili na kishonanguo tu. Nikakwangua udongo, nikamwaga mbegu za kivumbasi, na toka hapo nafyeka mara moja kwa mwaka, mbegu zikishadondoka. Moto hauingii, kuna nyuki wapweke wanaozaa ndani ya mabua makavu, jambo ambalo miaka yote ya jembe sikuwahi kuliona. Niliona pia kwamba mbigili huchanua asubuhi, na jua likikaza maua yake ya njano yamekwisha. Nyuki wanahamia kwenye kivumbasi.

Halafu alizeti. Kichwa chake huchanua kuanzia ukingoni kuelekea katikati kwa siku kadhaa, na pale ambapo nyuki hakupita unavuna mapepe. Mistari iliyopakana na magugu ilinipa punje zilizojaa zaidi. Sikupima, nilitafuna tu.

Kiangazi bado kinanishinda. Oktoba moja mzinga ulibaki mtupu tena, na migunga iliyokuwa ikichanua miezi hiyo siwezi kuirudisha kwa fyekeo.

Juzi nilimsikia mama akimkemea mtoto wa jirani: “Toa mbuzi hapo! Hapo pa nyuki!” Alikwenda kuwafukuza mwenyewe, akarudi kanga imejaa kishonanguo. Akakaa kizingitini akiving'oa kimoja kimoja, na kila kimoja alikitupa upande wangu.