Karo Yangu Yatoka Mikokoni

Kwetu ni Mida, karibu na Watamu. Nilipokuwa darasa la sita, baba alikuwa akikata mikoko kwa siri auze boriti. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi. Nikiona askari wa misitu, napiga mbinja.

Juu ya mikoko hiyo hiyo kuna daraja la mbao linaloning'inia. Watalii hulipa kiingilio wakaone ndege, na pesa hizo, kupitia mradi wa ASSETS ulioanza 2001, husaidia kutusomesha sekondari.

Siku jina langu liliposomwa, baba alinyamaza tu. Jioni akasema, "Mwanangu, shoka hili mpelekee nyanya apasulie kuni."

Hajakata tena. Nami nikiwaona watalii siombi peremende, nawaonyesha ndege. Ama kweli, mikoko tuliyoiiba ndiyo inayonilipia karo!