Milimita Sitini na Saba

Sisi tunaowaandikia tu watoto wawili wa baba mmoja na mama mmoja, tuliozaliwa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganika, katika mji ambao wazee wetu waliendelea kuuita Albertville. Baba yetu alikuwa mtu wa reli. Leo tunaishi Ubelgiji, kila mmoja katika mji wake, na kwa miaka kadhaa sasa tumo katika klabu moja ya watu wanaojenga reli ndogo. Wengi hutuuliza, wakitabasamu, kama huo si mchezo wa watoto. Nasi siku ya kwanza tulidhani hivyo.

Katika kazi hii kila kitu hupunguzwa mara 87. Mtu mzima anabaki na kimo cha sentimita mbili hivi, na behewa la mizigo hulala katika kiganja. Njia kubwa za reli za Ulaya, zenye upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma, zinakuwa milimita 16.5. Hakuna awezaye kujenga nchi nzima nyumbani mwake. Kwa hiyo kila mwanachama hujenga kipande chake: meza nyembamba yenye miguu, na juu yake reli, miti, nyumba na vilima. Siku ya maonyesho vipande vyote huletwa ukumbini na kufungwa pamoja kwa skrubu, ili treni itoke katika kijiji alichokijenga mmoja na kuingia katika bonde la mwingine.

Ndani ya kipande chako u huru. Ukitaka kupanda msitu, panda. Ukitaka kuchimba mto, chimba. Sheria inakungoja kwenye ncha tu: kimo cha meza kutoka sakafuni, mahali pa matundu ya skrubu, mpango wa nyaya za umeme, na upana wa njia. Mwaka 1954, wapenzi wa reli ndogo kutoka nchi mbalimbali za Ulaya walikutana Genoa, Italia, wakaunda umoja wao uitwao MOROP, ambao mpaka leo hutunza vipimo vya pamoja. Ilikuwa miaka tisa tu baada ya vita. Watu ambao nchi zao zilikuwa zimevunjiana madaraja walikaa kitako kupatana jinsi behewa la mmoja litakavyopita juu ya reli ya mwingine.

Klabu yetu ina kundi linalojenga tramu za vijijini za Ubelgiji, ambazo zamani zilifika karibu kila pembe ya nchi hii juu ya njia ya mita moja. Tuliwaambia kwamba reli ya kutoka Kabalo hadi Kalemie, kilomita 273, iliyofika ziwani mwaka 1915, nayo ilijengwa kwa mita moja. Wakatujibu: basi, leteni Kalemie yenu, itaungana na vijiji vyetu. Tukapiga hesabu. Hata ikipunguzwa mara 87, reli ile ingehitaji zaidi ya kilomita tatu za meza. Tukachagua mita 2.40, yaani mita 209 za kweli, tukazigawa katikati. Mmoja wetu angejenga stesheni iliyo karibu na ziwa. Mwingine angejenga njia inayotoka mjini kuelekea Niemba.

Hapa inatupasa kusema jambo ambalo hatukuwaambia wenzetu wa klabu. Tangu mazishi ya baba tulikuwa hatuzungumzi vema. Kulikuwa na neno la nyumba yake ya Kalemie: mmoja alitaka iuzwe, mwingine alitaka itunzwe. Tulifika mahali pa kutumiana salamu kwa vinywa vya watoto wetu. Kugawana kipande hakukuwa dalili ya upatano. Ilikuwa njia ya kufanya kazi moja bila kukaa chumba kimoja.

Klabu ilitupa kipimo: njia iwe na upana wa milimita 12. Lakini kila mmoja wetu, bila kumwambia mwenzake, aliona kwamba kwa heshima ya baba hatatumia kipimo cha watu wengine. Atapiga hesabu yake mwenyewe na kulehemu reli zake kwa mkono, ziwe sawasawa na zile alizozifanyia kazi mzee. Mmoja alikuwa na picha ya baba akiwa kijana, amesimama kando ya treni, nyuma yake njia ya mita moja. Akagawanya 1,000 kwa 87, akapata milimita 11.5. Mwingine alikumbuka reli tulizozichezea tukiwa wadogo. Akagawanya 1,067 kwa 87, akapata 12.3. Kila mmoja alilijaribu behewa lake juu ya njia yake, magurudumu akiwa ameyarekebisha mwenyewe, na behewa likapita vizuri.

Majuma matano kabla ya maonyesho tulizileta nusu mbili klabuni, tukakaza skrubu. Behewa la kwanza lilitoka stesheni, likafika kwenye kiungo, likajikwaa, likalala ubavu. Tulilirudisha mara tatu, likaanguka mara tatu. Ndipo maneno yakaanza, kwa Kiswahili ili wenzetu wasielewe, na kabla ya dakika tano yalikuwa hayahusu reli tena. Yalihusu nyumba, na nani aliyekuwa kando ya kitanda cha mzee, na nani aliyechelewa.

Mzee mmoja wa klabu alisogea kimya akiwa na kipimo chake cha chuma. Alipima upande huu, akapima upande ule. Akasema kwamba wote wawili tumefanya kazi safi sana, ila tumejenga reli mbili.

Tukanyamaza, kwa maana wote wawili tulikumbuka hadithi ileile. Reli ya Katanga, iliyofika Élisabethville mwaka 1910, ilikuwa na upana wa milimita 1,067. Reli yetu ya maziwa ilikuwa na 1,000. Kwa sababu ya milimita 67, upana wa vidole vitatu au vinne, behewa la Katanga lisingeweza kamwe kufika ziwani. Mwaka 1955 njia ya maziwa ikapanuliwa, na mwaka uliofuata Kamina na Kabalo zikaunganishwa. Baba alikuwa mmoja wa vijana waliosogeza vyuma vile. Alizoea kutuambia kwamba kazi ngumu haikuwa kubeba reli, bali kurudi mahali palepale ulipokwisha kupita, kufungua kilichofungwa vizuri, na kukifunga upya hatua ndogo kando.

Ingetosha mmoja wetu abomoe. Lakini yupi? Picha ilikuwa ya kweli, na kumbukumbu ilikuwa ya kweli. Mwishoni tulibomoa wote. Kwa majuma manne tulikutana kila Jumamosi katika jiko la mmoja wetu, tukayeyusha risasi tuliyoilehemu, tukang'oa vyuma, tukavilaza tena kwa milimita 12, kipimo kilekile tulichopewa mwanzoni. Si 11.5 wala 12.3. Hakuna aliyeshinda, na kwa kusema kweli baba hakupata hesabu yake. Lakini juu ya njia hiyo treni ya kabla ya mwaka 1955 inapita, na ile ya baadaye inapita pia.

Tusijisifu lakini. Mchezo husamehe mengi ambayo chuma cha kweli hakisamehe. Sisi tulirekebisha mita mbili na nusu tukiwa tumeketi, kahawa mezani. Wao walirekebisha kilomita 273 juani, na wale waliowatangulia, waliofyeka msitu na kuijenga njia ile siku za ukoloni, wengi wao hawakuulizwa kama wanataka. Stesheni hazikuandika majina yao.

Jambo hilo tulifundishwa siku ya kwanza ya maonyesho. Nyuma ya pazia kuna uwanja wa treni ambao watazamaji hawauoni, ambapo mtu mmoja anazipanga kwa mkono na kuzituma. Hawezi kutuma mpaka aliye upande wa pili aseme kwamba njia yake ni wazi. Tulifanya kazi hiyo sisi wawili, saa nane, tukisemezana maneno machache: "Tayari?" "Tayari, leta." Kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha mama mmoja Mkongomani akasimama mbele ya kipande chetu, akatazama muda mrefu, akauliza: "Watu wako wapi? Huko kwenu treni ikifika hakuna anayekuja kuipokea?"

Alisema kweli. Tulikuwa tumeweka maembe, mapipa na saa ya stesheni, lakini hatukuweka mtu hata mmoja. Usiku ule tulinunua mifuko miwili ya sanamu ndogo kutoka kwa muuzaji wa ukumbini. Wote walikuwa Wazungu waliovaa makoti ya baridi. Tulikesha tukiwapaka rangi upya, ngozi kwanza, halafu nguo, mmoja akishika kioo cha kukuzia na mwingine brashi. Akina mama tuliwavika vitenge, na tukaweka watoto wanaokimbia kando ya treni. Wanaume wanane tuliwapa mitaimbo ya waya mwembamba, tukawasimamisha pale hasa nusu mbili zinapokutana. Asubuhi mama yule alirudi na wajukuu wake. Hakusema neno. Aliwahesabu wale wanane kwa kidole.

Neno la nyumba ya Kalemie bado halijaisha, lakini sasa tunalizungumza kwa simu, sisi wenyewe, si kwa vinywa vya watoto. Maonyesho yakiisha, kila mmoja hubeba nusu yake nyumbani. Kiungo chetu kina skrubu mbili. Moja hukaa kwa mmoja wetu, ya pili kwa mwingine. Majira ya kuchipua tunatakiwa ukumbini tena, na jana usiku simu ililia, sauti ikauliza swali moja tu kabla ya salamu: "Skrubu yako unayo?"