Baiskeli ya Maji



Ndugu wasomaji, tuliishi Buna tangu mwaka 2019 hadi mwisho wa 2024. Sisi ni watu wa mwambao: mmoja wetu mzaliwa wa Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, na mwenziwe wa Malindi. Riziki ya ualimu ndiyo iliyotupeleka kaskazini, katika mji ule mdogo ulio kati ya Wajir na Moyale. Tulipofika, macho yetu yaliutafuta mto kwa mazoea, wala yasiuone. Huko kuna laga, yaani mabonde ya mchanga yanayojaa kwa muda mvua inyeshapo, kisha hukauka kana kwamba hayajapata kuona maji.

Tulikwenda na binti yetu mdogo, na baadaye tukamnunulia baiskeli kuukuu, yenye matairi mapana na keria ya chuma. Kisha ukaja ukame ule ambao wengi wenu mliusikia kwenye habari, misimu mitano ya mvua iliyokosekana kwa mfululizo tangu 2020 hadi 2022. Binti alikuwa na miaka 12. Kila alfajiri, baada ya sala, alifunga mitungi miwili ya lita 20 kwenye keria na kuishika njia ya kisimani. Huko kwenda alipanda. Kurudi alisukuma, kwa kuwa uzito haukumruhusu kupanda. Jirani yetu, mama mjane aliyezungumza nasi kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiborana, aliletewa mtungi wake mmoja kila siku. Miiba ya migunga ilitoboa matairi mara kwa mara, na binti akajifunza kuziba pancha mwenyewe, maana fundi alikuwa mbali na maji yalikuwa yanangojwa.

Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyeuliza kama inafaa msichana kupanda baiskeli. Sisi wenyewe tulijisifu kwa watu: mtoto wetu ana nguvu, mtoto wetu ana huruma.

Mvua zikarejea mwaka 2023, na kazi ya maji ikapungua. Hapo binti akaanza kuipanda baiskeli bila mitungi. Jioni, jua likipoa, alifuata ukingo wa laga, mahali ambapo mchanga umeshikana, akaenda na kurudi kabla ya magharibi, uso wake umechangamka. Nasi tukaanza kuona haya. Tulimwambia apunguze. Tulimwambia amekua.

Ulipofika wakati wa kurudi pwani, Bibi yake alitupigia simu kutoka Kipini. Alisema, “Wanangu, huyo sasa ni mwanamwali. Baiskeli iacheni huko huko. Hapa mjini watu wana macho.” Tukamjibu, “Hewala, Mama.” Binti alipoelezwa hakubisha. Aliifuta baiskeli vumbi, akautia mnyororo mafuta, akaiegemeza ukutani kwa jirani, akarudi ndani kufunga nguo. Wazazi wengi mnaujua ukimya wa mtoto mtiifu. Ni mzito kuliko kelele za mkaidi.

Jioni ile jirani alikuja kutuaga. Aliikuta baiskeli mlangoni kwake, akaikokota mwenyewe mpaka kwetu. “Hii imetunywesha,” alisema. “Mbona mnaiacha kama kitu cha aibu?”

Hatukuwa na jawabu. Usiku tulikaa tukahesabu matendo yetu. Baiskeli ilipokuwa kazi, hatukuona haya. Ilipokuwa furaha ya mtoto, ndipo tukaikumbuka heshima. Je, heshima hiyo ilikuwa ya dini au ya midomo ya watu? Tulikumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.) wakiwa safarini, na habari hiyo haikufichwa, imepokewa na kufundishwa kwa karne nyingi. Stara ni wajibu, nasi hatuipunguzi hata chembe. Lakini stara ni vazi na mwenendo, si kumkataza mtoto upepo.

Mwalimu mwenzetu kijana alikuwa ametusimulia juu ya mchezo wa baiskeli za njia za changarawe, ambao wapandaji wake huacha lami na kufuata njia za mashambani na misituni. Hapa kwetu Kenya mashindano ya Migration Gravel Race yalianza Maasai Mara mwaka 2021. Sisi hatukuwa na mbio na mtu. Tulitafuta baiskeli nyingine mbili kuukuu, tukazipakia zote tatu juu ya basi, tukaazimia kwamba safari ya kurudi nyumbani tutaipunguza mwendo. Pale njia itakapokuwa salama na nzuri, tutashuka na kuipanda sote watatu, baba, mama na mtoto.

Basi lilitupitisha Wajir, mji wa visima, kisha Habaswein, hadi Garissa. Darajani Garissa binti aliuona Tana. Mto huu hushuka kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, na urefu wake ni kiasi cha kilomita 1,000. Hakuna mrefu kuushinda katika nchi yetu. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, “Maji haya yote ni ya nani?” Mmoja wetu akasema ni ya Mwenyezi Mungu. Akauliza tena, “Basi mbona sisi tulikuwa tunahesabu mitungi?” Hatukumjibu kwa haraka, na hata leo hatujamjibu vya kutosha.

Hola tulishuka. Tulifikia kwa jamaa, tukauliza wenyeji juu ya njia, na asubuhi tukafuata vijia vya ukingoni, kati ya mashamba ya Wapokomo. Miembe mikubwa ilifunika njia, na mitumbwi ilikuwa imefungwa kwenye mizizi ya mikuyu. Wanawake walitupungia mikono kutoka mashambani. Walitueleza habari za mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale yaliyofuata 2024, namna mto ulivyoingia majumbani na kuchukua migomba. Binti alisikiliza kwa makini. Huku maji yalikuwa yamefukuza watu, na Buna ukosefu wake ulikuwa umewafukuza wengine.

Kusini zaidi, kuelekea Garsen, vipo vipande vya msitu wa ukingoni ambamo wanaishi nyani wa aina mbili wasiopatikana pengine popote duniani, mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Hatukuwaona. Lakini tulielewa kwa nini msitu ule ni mwembamba kama ukanda: unakunywa mto, na ukitoka hatua mia chache tu unarudi kwenye vichaka vikavu, vya namna ile ile tuliyoizoea kaskazini.

Kutoka Garsen hadi Witu tulipanda gari. Njia hiyo imeona misiba, na si busara kujitia ushujaa penye watoto. Witu tuliuliza wazee, tukauliza polisi, na tulipoambiwa kuwa ni shwari, tukatoka baada ya alfajiri, tukiwa tumesoma dua ya safari. Mji huu ulikuwa makao ya usultani ulioanzishwa katika karne ya 19 na Ahmad Simba, wa ukoo wa Wanabahani wa Pate, na mwaka 1890 Wajerumani waliwakabidhi Waingereza. Kutoka hapo hadi Kipini ni kiasi cha kilomita 20 za mchanga, minazi na miembe.

Katikati ya njia tairi la baba lilitoboka. Vijana wawili waliokuwa wakipita walisimama kumsaidia. Kabla hawajainama, binti alikuwa amekwisha kugeuza baiskeli, ametoa tyubu, anatafuta tundu kwa kulitia mate. Alilipiga msasa, akatia gundi, akabandika kiraka, akajaza upepo. Kijana mmoja akauliza, “Dada, umejifunzia wapi?” Akajibu kwa neno moja, “Buna.” Alilitamka kama mtu atajaye chuo chake.

Kabla ya adhuhuri harufu ya chumvi ilitupokea. Bibi alikuwa barazani. Tulishuka mbali kidogo, tukakokota baiskeli, kwa adabu na, tukiri, kwa hofu. Binti alimbusu mkono. “Shikamoo, Bibi.” “Marahaba, mjukuu wangu.” Kisha kimya, macho ya Bibi yakiwa kwenye magurudumu.

Tulimweleza yote: mitungi, jirani mjane, usiku ule wa kujihesabu. Tulimwomba radhi kwa kuivunja ahadi yetu. Alikaa sana bila kusema. Mwishowe akatusimulia jambo ambalo hata mwanawe hakuwahi kulisikia. Alipokuwa msichana alikuwa akipiga kasia mwenyewe mtoni, akipeleka chakula shambani kwa baba yake. “Nilikuwa nawapita wavulana,” alisema. “Siku moja nikaambiwa nimekua. Sikuugusa tena mtumbwi. Wala hakuna aliyeniuliza kama moyo umekubali.”

Bibi ni fundi cherehani. Baada ya sala ya alasiri alimwita binti, akamsimamisha kando ya baiskeli, akamwambia aweke mguu kwenye kanyagio la chini, kisha la juu. Alipima kwa utepe kutoka kiunoni hadi kifundoni, mara mbili. “Suruali pana, ya kufunga chini isiingie kwenye mnyororo,” alisema, “na juu yake kanzu ya kupita magoti. Kitambaa kisiwe chepesi, upepo wa huku una utundu.”

Kisha akatugeukia sisi. “Na ninyi mtapanda naye. Msimwache peke yake.”

“Hewala, Mama,” tukajibu. Safari hii tulimaanisha.