Gramu Nne Zilizopotea

Kisa hiki kilinipata katika maabara ya shule yetu muhula wa pili, na hadi leo nikikikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Tulikuwa tumefika mada ya moli, ile inayowatoa wengi jasho kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa kemia alitugawa wawili wawili, akatupa sentimita 50 za ujazo za asidi ya salfuriki yenye moli moja kwa lita, pamoja na oksaidi ya shaba, ule unga mweusi kama masizi. Tulipasha asidi moto, tukatia unga kidogo kidogo hadi ukakataa kuyeyuka. Hapo asidi ilikuwa imekwisha, na unga uliobaki hauna kazi tena. Asidi ndiyo inayoamua mtapata kiasi gani. Moli 0.05 za asidi hutoa moli 0.05 za fuwele za salfeti ya shaba, na moli moja ya fuwele hizo, pamoja na maji yaliyomo ndani yake, ni gramu 249.5. Piga hesabu mwenyewe: karibu gramu 12.5.

Tulichuja, tukachemsha maji yapungue, tukayaacha yapoe hadi kesho yake. Lo! Tulikuta fuwele za bluu zinang'aa kama vito. Tukazikausha kwa karatasi, tukazipima. Gramu 8.1! Asilimia 65 tu.

Mwenzangu wa dawati aliandika 8.1 bila wasiwasi. Mimi nikatupa jicho meza ya jirani: wamepata 13.6 na wanapigiwa makofi. Nikajiambia, kwani nani atajua? Nikaandika 12.1.

Mwalimu alianza na wale wa 13.6. Alizibonyeza fuwele zao kwenye karatasi, ikalowa chepechepe. "Mmepima maji," akasema. Darasa likaangua kicheko. Kisha akaja kwetu, akayaweka madaftari yetu pamoja.

"Fuwele ni zenu nyote wawili. Gramu nne zimeingia mfuko wa nani?"

Macho yote yakamgeukia mwenzangu, kwa sababu yeye ndiye aliyeandika kidogo. Mtu wa nyuma akasema ati amezibeba nyumbani. Nami nikanyamaza jii, kijasho chembamba kikinitoka. Kunyamaza huko kunaniuma kuliko ile namba yenyewe.

Mwalimu hakumgombeza. Aliichukua bika yenye maji tuliyoyamimina kutoka kwenye fuwele, akaiinua dirishani. Bluu iliyokolea!

"Kama mlipata karibu zote, hii rangi ni ya nini?"

Ndipo nikasema, "Ni mimi, mwalimu."

Alituamuru tuyachemshe tena maji yale. Siku iliyofuata tulipata gramu 2.3 zaidi, jumla 10.4, yaani asilimia 83. Zilizosalia tuliorodhesha zilikoenda: nyingine zimo majini bado, maana hata maji baridi hayaachilii chumvi yote, nyingine zimeshika karatasi ya kuchujia na fimbo ya kioo, na kidogo nilimwaga mezani. Orodha hiyo ndiyo mwalimu aliyoitia alama ya vema, tena kubwa.

Mwenzangu alihamia dawati la nyuma. Wiki mbili ilikuwa salamu tu, basi. Juzi, kipindi cha kemia, alikuja kuniomba rula. Nikampa. Akaketi palepale.